Tonge Lisiloshuka: Nasiha kwa Kijana Mgonjwa na kwa Wanaokula Naye

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na kuturuzuku. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, tonge tunalolimeza bila ya kulifikiri ni neema kubwa, wala hatuijui ila ikiondoka. Nalikuwa na mwanafunzi wa miaka 22, mwenye adabu na bidii. Mara akaacha kuhudhuria harusi na maulidi. Akiitwa kwenye sinia husema ameshiba. Watu wakamwita mwenye kiburi. Wengine wakasema amerogwa. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nalimkemea mbele ya wenzake. Usiku ule alinijia akilia, akanambia: "Maalim, si kiburi. Chakula hakishuki. Hata maji hunirudia, nami naona haya kutapika mbele za watu."

Baadaye madaktari walimtambua kuwa ana maradhi yaitwayo akalasia. Katika maradhi haya mishipa ya fahamu ya umio hufa. Basi umio hausukumi chakula, wala msuli ulioko kwenye mlango wa tumbo haulegei kukipitisha. Kwa mwaka huwapata watu wapya kiasi cha 1 katika kila 100,000, vijana kwa wazee. Tabibu wa Kiingereza, Thomas Willis, aliyaandika tangu mwaka 1674: mgonjwa wake alikisukuma chakula kwa ufito wa mfupa wa nyangumi wenye sifongo nchani, akaishi hivyo miaka mingi. Mwaka 1913 Ernst Heller, Mjerumani, aliukata msuli ule kwa upasuaji. Tiba haizirejeshi fahamu zilizokufa, lakini hufungua njia. Na Mtume wetu ametuamrisha tujitibu. Basi kwenda hospitali si kukosa kutawakali.

Ewe kijana, nakuusia mambo matatu.

La kwanza ni katika huzuni. Usidhani huzuni ni upungufu wa imani. Nabii Yaakub alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, na Nabii Ayub alimshitakia Mola wake madhara yaliyomgusa. Na wote wawili ni mfano wa subira. Subira si kuficha. Mwambie Mola wako, kisha mwambie mzazi wako na rafiki mmoja mwaminifu. Kwani siri ya maradhi ikikaa moyoni humkaba mtu kuliko tonge.

La pili ni katika haya. Katika madhehebu yetu, kuitikia mwaliko wa walima ya harusi ni wajibu kwa asiye na udhuru. Ama kula, si wajibu kwa kauli iliyo sahihi. Basi hudhuria, uombe dua, ukae na ndugu zako, na tonge uliache.

La tatu ni katika saumu. Mgonjwa akidhurika na saumu, afungue, na alipe akipoa. Na ikiwa kupoa hakutarajiwi, atoe kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Na matapishi yanayomtoka mtu bila ya kutaka hayamfunguzi, maadamu hakuyarudisha kwa kusudi.

Ama nyinyi mnaokula naye, kumbukeni kuwa katika Sura ya Nur Mwenyezi Mungu amemwondolea mgonjwa lawama katika mambo ya kula. Na mafakihi wetu wamesema: aliyekwamwa na tonge akakhofu kufa, asipate ila ulevi, humpasa kuliteremsha kwa huo. Tazameni! Sheria imelegeza haramu kubwa kwa ajili ya koo moja. Vipi sisi tushindwe kuzuia ndimi zetu? Msihesabu matonge yake. Mpeni maji, mngojeni, wala msiondoe sinia kwa haraka.

Kijana yule alitibiwa, akapata nafuu. Hata leo hula polepole, na kikombe cha maji kando yake. Nami nalimwomba radhi mbele ya wale wale niliomkemea mbele yao, kwani kosa la hadharani halitakaswi faraghani.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape subira nyoyo zao, na utusamehe tuliowadhania mabaya. Amin. Wabillahi tawfiki.