Mgeni wa Mlimani Anadaiwa Nini?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shuleni tulifundishwa kuwa methali hii inahimiza kazi, nami niliieleza hivyo hivyo kwenye mtihani nikapata alama zangu. Julai 2025 niliikumbuka nikiwa mbali na shamba lolote la kwetu, katika bonde la Lauterbrunnen nchini Uswisi, nikiwa mgeni wa siku moja tu. Mgeni wa siku moja hapewi jembe. Hufika asubuhi, hutazama, hupiga picha, na jioni huondoka. Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: je, mtu anayekwenda mahali kwa ajili ya kutazama uzuri wake tu anadaiwa chochote? Na kama anadaiwa, anadaiwa nini, na ni nani anayemdai?

Sina budi kueleza kwanza ninakotoka, kwa sababu jibu langu limechanganyika na asili yangu. Nimezaliwa wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Baba yangu ni mkulima wa kahawa, na msimu wa wageni ukifika huwa mpagazi: hubeba mizigo ya watalii kutoka Nyakalengija hadi kwenye vibanda vya juu. Sehemu ya karo yangu ya sekondari ilitoka mgongoni mwake. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda. Kwetu sisi watoto, mlima ulikuwa kitu kikubwa upande wa magharibi, kilichojifunika mawingu, kilicholeta mvua, baridi na mara nyingine mafuriko. Kwamba ni mzuri, tuliambiwa na wageni.

Chuo chetu kilipata nafasi chache za kozi fupi mjini Bern, nami nikawa miongoni mwa waliobahatika. Jumamosi moja tuliamua, wanafunzi watano, kwenda milimani. Tulipanda treni, tukabadilisha Interlaken, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa Lauterbrunnen.

Bonde lile lilichongwa na barafu zamani sana. Chini ni tambarare, na kuta za mawe zimesimama wima pande zote mbili kama nyumba isiyo na paa. Kutoka juu ya kuta hizo maji huanguka. Maporomoko ya Staubbach yana urefu wa karibu mita 300, na kwa kuwa njia ni ndefu na upepo huyapeperusha, sehemu kubwa ya maji haifiki chini kama maji. Hufika kama vumbi. Ndiyo maana jina lake limebeba neno la Kijerumani lenye maana ya vumbi. Mshairi Goethe alifika hapo mwaka 1779 akaondoka na shairi. Mbele kidogo kuna Trümmelbach, ambako maji ya barafu ya milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau yamejitoboa njia ndani ya mwamba wenyewe. Ukiwa humo ndani, mwamba unatetemeka, na mtu aliye kando yako akisema neno humsikii. Nilisimama pale nikasahau njaa, nikasahau hata picha. Nasema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba naandika kwa kuudharau uzuri. Niliuona, na ulinishika.

Kilichonipa swali kilitokea baadaye, njiani kuelekea Stechelberg. Njia inapita kati ya mashamba ya nyasi. Niliona mahali ambapo nyasi ndefu, maua na kilele cheupe cha mlima vingeingia vyote katika picha moja, nikatoka njiani nikaingia hatua kumi hivi ndani ya shamba. Bibi mmoja mzee aliyekuwa akikusanya nyasi kwa reki upande wa pili alipaza sauti. Sikujua Kijerumani chake. Mwenzetu mmoja aliyekijua akanitafsiria: anasema hicho ni chakula cha ng'ombe wake cha wakati wa baridi.

Niliomba msamaha kwa mikono na kwa uso. Yeye hakuendelea kugomba. Aliinama akarudi kwenye kazi yake, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nilijaribu kuziinua nyasi nilizokanyaga. Nyasi iliyokanyagwa haiinuki. Mimi mtoto wa mpagazi, niliyekua nikisikia baba akilalamika juu ya wageni wanaokata njia wakaharibu mashamba ya watu, nilikuwa nimesimama katikati ya shamba la mtu na simu mkononi.

Watu wengi, ukiwauliza, watajibu kwamba mtalii hadaiwi kitu kwa kuwa amekwisha kulipa. Amelipa treni, amelipa chakula, amelipa kiingilio. Hoja hii ina nguvu, lakini inachanganya mambo mawili. Nauli ililipia treni, haikulipia bonde. Na lile shamba, ambalo mimi nililiona kama sehemu ya "mandhari ya asili," si la asili hata kidogo. Wakulima wa milima ile hukata nyasi kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiri mara mbili. Wakiacha, vichaka na msitu vitarudi, na ule ukijani laini tunaosafiri kuutazama utatoweka. Serikali ya Uswisi inalijua hilo, ndiyo maana huwalipa wakulima wa milimani fedha za moja kwa moja, na sehemu ya fedha hizo ni kwa ajili ya kutunza mandhari. Kwa hiyo nilichokipiga picha kilikuwa kazi ya mtu, nami nilikikanyaga kwa sababu sikujua kuwa ni kazi.

Katika somo la falsafa ya uzuri tulimsoma Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, anafundisha kwamba tunapokiri kitu ni kizuri kwa kweli, hatukitaki kwa faida yoyote. Tunakifurahia bila kukihitaji. Tena anasema milima mikubwa na maporomoko ya kutisha hutuinua moyo iwapo tumesimama mahali salama. Humo ndimo anapomtaja mkulima mmoja wa Savoy, nchi ya Mont Blanc, ambaye habari zake alizipata kwa msafiri Saussure. Mkulima huyo aliwaita wapenzi wote wa milima ya barafu wapumbavu. Kant anamheshimu kidogo, anamwita mtu mwema na mwenye akili, lakini anamhesabu miongoni mwa wale ambao utamaduni haujawaandaa kuona zaidi ya hatari na taabu.

Nilipousoma ukurasa ule nilimwona baba yangu. Siku moja nilimwuliza kama huko juu ni kuzuri. Akanijibu, "Mwanangu, niulize kwanza kama mvua ilinyesha." Je, hilo ni jibu la mtu asiyeandaliwa kuona? Kant aliishi maisha yake yote karibu na mji wake wa Königsberg. Milima ya Alps hakuiona kwa macho. Baba yangu ameukanyaga mlima kwa miaka mingi. Anajua jiwe lipi huteleza, wingu lipi huleta theluji, mgeni yupi ataumwa kichwa kesho. Wazee wetu Wakonzo huamini kuwa katika theluji ile ya juu anakaa Kitasamba, na mtu hapandi huko kama anayekwenda sokoni. Huko si kukosa macho. Ni kuona kwa mtu ambaye hawezi kuuweka mlima mbali naye kiasi cha kuufurahia tu.

Lakini haki ni haki: Kant anaongeza jambo ambalo nusura lipite bila kuonekana. Anakiri kwamba mkulima yule huenda asingekosea kabisa, kama Saussure angejitia hatarini kwa kujifurahisha tu. Kinachomwokoa Saussure ni kwamba alipanda ili kuwaelimisha watu, akarudi na elimu. Kumbe hata Kant anakubali kwamba mtazamaji ana jambo la kujibu! Anaulizwa: ulipokwisha kuona, ulirudi na nini?

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi. Mtu anaweza kusema: mlima haukutengenezwa na mtu, hivyo hakuna wa kumdai mtazamaji. Nakubali kwamba mlima hauna mwenyewe kwa maana ya kuuumba. Lakini una watu wanaolipa gharama yake. Mei 28, 2025, wiki chache kabla sijafika Uswisi, barafu na mawe vilishuka vikakifukia sehemu kubwa ya kijiji cha Blatten, katika bonde la Lötschental, upande wa pili wa milima hiyohiyo niliyokuwa nikiitazama. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa mapema, na mtu mmoja alipoteza maisha. Kwetu, mto Nyamwamba unaotoka Rwenzori ulifurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020. Mara hii ya pili uliharibu hata hospitali ya Kilembe. Usalama anaousema Kant, wa kutazama kitu cha kutisha kutoka mahali pasipo hatari, ni wa mgeni. Mwenyeji hana tiketi ya kurudia.

Tena barafu yenyewe inapungua, kule Alps na huku kwetu. Mimi nilifika kuitazama kwa ndege, na moshi wa ndege ni mmoja wa mioshi inayoiyeyusha. Siwezi kujitoa katika hesabu hiyo.

Basi tuseme wageni wasije? Baadhi ya wenzangu darasani walifikia hapo, na ni hitimisho rahisi kwa mtu ambaye karo yake haikutoka mlimani. Wageni wakikoma kuja Rwenzori, baba yangu atabaki na kahawa peke yake, na kahawa ina miaka yake mibaya. Vijiji vinavyopakana na hifadhi vitakosa ile asilimia 20 ya viingilio ambayo sheria ya Uganda inawatengea majirani wa hifadhi. Watu wale walizuiwa kuwinda na kukata miti baada ya hifadhi kuundwa mwaka 1991. Tukiwaondolea na wageni, tutakuwa tumewanyang'anya mara mbili. Hapana, sisemi mgeni asije. Nasema aje akijua kuwa ameingia nyumbani kwa watu.

Kwa maoni yangu deni la mtazamaji lina sehemu tatu. La kwanza ni kutoharibu: kubaki njiani, kutokanyaga chakula cha ng'ombe wa bibi. Hili ni dogo, na hata hilo lilinishinda. La pili ni kujua: kuuliza nani anakata nyasi hizi, nani anabeba mzigo huu, mlima huu umewagharimu nini watu wake. Mtu anayetazama bila kujua huona nusu tu, hata akiwa na macho mazuri kiasi gani. La tatu ni kurudi na kitu. Saussure alirudi na elimu, Goethe na shairi. Mimi nilirudi na picha thelathini na moja, na moja kati yake niliifuta kwa aibu.

Ndiyo sababu nimeielewa methali yetu upya. Jembe halikuwa adhabu ya mgeni aliyekawia. Lilikuwa njia ya kumwingiza ndani. Mgeni akishika jembe, huiona nyumba kama wenyeji wanavyoiona: mvua yake, mawe yake, njaa yake. Utalii wa siku hizi umemkata mgeni kabla ya siku ya tatu. Anaondoka siku ya pili, akiwa bado anahudumiwa, akidhani alichokiona ndicho kilichopo.

Niliporudi nyumbani nilimweleza baba habari za bonde lile. Alisikiliza kwa makini habari za maji yanayopita ndani ya mwamba, akacheka nilipomwambia kuhusu bibi na nyasi. "Alikuwa na haki," akasema. Nikamwambia kwamba likizo ijayo nataka kupanda naye Rwenzori, walau hadi vibanda vya juu, mzigo wangu niubebe mwenyewe, anionyeshe anachokiona. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza: hizo siku nitakazokuwa nakutembeza wewe, bila mzigo wa mgeni, nani atazilipa?

Nilidhani nimekwisha kulitatua swali la deni. Baba alilirudisha mikononi mwangu. Nimeanza kuweka akiba.