Kifo Ndani ya Kanuni: Emile Griffith na Suala la Hatia

Emile Griffith alizaliwa tarehe 3 Februari 1938 katika kisiwa cha Saint Thomas, Visiwa vya Virgin vya Marekani, na akafariki tarehe 23 Julai 2013 huko Hempstead, New York. Alipigana ngumi za kulipwa kwa miaka 19. Alitwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa welter, kisha wa uzani wa kati, na katika pambano moja lililorushwa moja kwa moja na televisheni alimpiga mpinzani wake mapigo yaliyomuua. Kanuni za ulingoni hazikuvunjwa. Ndiyo maana maisha yake yamebaki kuwa mfano wa swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia tangu kale: aliyesababisha kifo asichokikusudia, akiwa katika kazi halali, anadaiwa nini, na deni hilo ni la nani?

Ngumi hazikuwa chaguo lake la kwanza. Alipokuwa kijana New York aliajiriwa katika karakana ya kofia, na baadaye akawa mbunifu wa kofia za wanawake, kazi aliyoipenda. Mwajiri wake, Howard Albert, ambaye mwenyewe aliwahi kucheza ngumi za ridhaa, alimwona siku moja ya joto akifanya kazi kifua wazi, akampeleka kwa kocha Gil Clancy. Mwaka 1958 Griffith alishinda mashindano ya Golden Gloves ya New York, na mwaka huohuo akaingia kwenye ngumi za kulipwa. Alikuwa fundi wa kasi na hesabu kuliko wa nguvu: katika mapambano 85 aliyoshinda hadi anastaafu, ni 23 tu yaliyomalizika kabla ya raundi kwisha.

Benny Paret, mzaliwa wa Santa Clara, Cuba, alikutana naye mara tatu. Tarehe 1 Aprili 1961, mjini Miami Beach, Griffith alimwangusha katika raundi ya 13 na kumnyang'anya ubingwa wa welter. Septemba mwaka huohuo Paret aliurudisha kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika. Pambano la tatu lilifanyika Madison Square Garden tarehe 24 Machi 1962. Wakati wa kupima uzito Paret alimshika Griffith makalio na kumtupia tusi la Kihispania la kumdhalilisha mwanamume anayependa wanaume. Kwa New York ya miaka ile, kutajwa hivyo hadharani kungeweza kummaliza mtu kikazi na hata kumfikisha kwa polisi. Katika raundi ya 6 Paret nusura ammalize Griffith, kengele ikamwokoa. Katika raundi ya 12 Griffith alimbana kwenye kona akamshindilia ngumi mfululizo za kichwa, huku kamba zikimshikilia Paret asianguke. Mwamuzi Ruby Goldstein aliingilia kati akiwa amechelewa. Paret hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 3 Aprili akiwa na umri wa miaka 25.

Lawama zilitafuta pa kutua. Goldstein alilaumiwa kwa kuchelewa, ingawa alikuwa mwamuzi mwenye heshima kubwa. Meneja wa Paret, Manuel Alfaro, alilaumiwa kwa kumrudisha ulingoni miezi mitatu na nusu tu baada ya Gene Fullmer kumpiga vibaya mno, Desemba 1961, na kummaliza katika raundi ya 10. Wengine walizilaumu mamlaka zilizoruhusu pambano, wengine televisheni. Gavana Nelson Rockefeller aliunda tume ya uchunguzi. Goldstein alisafishwa na hakuna aliyeshtakiwa. Hatia ilipogawanywa kwa watu wote hao, fungu la kila mmoja lilikuwa dogo kiasi kwamba hakuna aliyelazimika kulibeba.

Sheria za kale za dini hazikukubali kuishia hapo. Katika Torati, kitabu cha Hesabu sura ya 35, aliyeua bila kukusudia hukimbilia mji wa makimbilio, na humo hukaa mpaka kuhani mkuu afe. Hauawi, lakini harudi nyumbani kama vile hakuna kilichotokea. Kipimo anachopimwa nacho ni uadui: je, alimchukia marehemu kabla ya kumpiga? Hapo ndipo kesi ya Griffith inapokuwa ngumu. Yeye alisema maisha yake yote kwamba hakutaka kuua, na hakuna sababu ya kutomwamini. Lakini alipanda ulingoni akiwa na hasira, na aliyemkasirisha ndiye aliyekufa. Wapo wanaosema tusi ndilo lililoua. Maelezo hayo ni mepesi mno. Kocha yeyote humfundisha bondia wake kwamba mpinzani akiyumba asipewe nafasi ya kupumua, na ngumi za raundi ya 12 ndizo ambazo bondia asiye na kinyongo chochote angezirusha. Hasira na wajibu wa kazi vilielekea upande mmoja, na hakuna mtu, labda hata Griffith mwenyewe, angeweza kuvitenganisha.

Fiqhi ya Kiislamu inakaribia zaidi hali ya ulingoni. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pia na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hugawa mauaji katika mafungu matatu: ya kukusudia, ya kukosea, na yanayofanana na ya kukusudia. Fungu hili la mwisho ni pale mtu anapompiga mwenzake makusudi kwa kitu ambacho kwa kawaida hakiui, naye akafa. Pigo lilikusudiwa, kifo hakikukusudiwa. Hakuna kisasi, lakini kuna kafara, ambayo ni baina ya muuaji na Mungu, na kuna diya nzito kwa warithi wa marehemu. Diya hiyo haimwangukii muuaji mwenyewe. Hulipwa na jamaa zake wa kiumeni, aqila, kwa muda wa miaka mitatu. Mgao huu una busara ambayo tume ya New York haikuwa nayo, kwa sababu hapa kugawana mzigo hakumaanishi kuutua. Mwenye kutenda ana lake peke yake, na waliosimama nyuma yake wana lao.

Swali linalofuata ni nani waliokuwa aqila wa Griffith. Katika ngumi za kulipwa, walio nyuma ya bondia ni meneja, promota, kituo cha televisheni, wadhamini na watazamaji waliokata tiketi. Wote hao hushiriki mapato, na kwa mantiki ya diya wangeshiriki deni. Tofauti ni kwamba ukoo haufungi duka baada ya msiba, ilhali vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani viliacha kurusha ngumi kila wiki kabla ya mwaka 1964 kwisha, na mzigo ukabaki kwa mtu mmoja.

Upo utetezi mwingine, wa mwanateolojia Mkristo Thomas Aquinas, kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, na mtu huhukumiwa kwa lile alilolikusudia. Utetezi huu unamsaidia anayejikinga na mvamizi. Kwa bondia unapwaya, kwa sababu madhara si tokeo la pembeni bali ndiyo njia yenyewe ya kushinda: kumwangusha mtu kwa ngumi ya kichwa ni kuutikisa ubongo wake mpaka ushindwe kufanya kazi. Baraza la Fiqhi la Makka lilipoharamisha ngumi mwaka 1987, na jarida la Wajesuti la La Civiltà Cattolica lilipozishutumu mwaka 2005, hoja zao zilikutana hapo.

Griffith hakungoja hoja hizo. Kwa miaka mingi Paret alimjia ndotoni. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1976 kuhusu dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote. Watu watamwambia si kosa lake, na watasema kweli. Lakini akikubali haraka mno, watamshangaa. Majuto ya mtendaji si sawa na kukiri dhambi, wala si masikitiko ya mpita njia. Griffith alisema baadaye kwamba baada ya kifo kile hakupiga tena kwa nguvu zake zote, kwa kuogopa kuumiza. Hiyo ilikuwa kafara aliyojitungia mwenyewe, na ya ajabu, kwani aliilipa ndani ya ulingo uleule.

Aliendelea kwa miaka 15 zaidi. Tarehe 21 Machi 1963, katika uwanja wa Dodger mjini Los Angeles, alipoteza kwa Luis Rodríguez ubingwa wa welter aliokuwa ameutwaa tena kwa Paret, na usiku huohuo, ulingo huohuo, bondia mwingine, Davey Moore, alipata majeraha yaliyomuua siku chache baadaye. Aprili 1966 alimshinda kwa pointi Dick Tiger wa Nigeria na kuwa bingwa wa uzani wa kati. Mwaka 1967 na 1968 alipokezana mkanda huo na Nino Benvenuti wa Italia katika mapambano matatu. Mwaka 1971 na 1973 alishindwa na Carlos Monzón wa Argentina. Alistaafu 1977, akafanya kazi katika kituo cha kuwazuilia vijana wakosaji huko New Jersey, na kijana mmoja wa pale akamfanya mwanawe. Mwaka 1992 alipigwa na genge la vijana alipotoka katika baa ya mashoga mjini New York, nusura afe. Uzeeni alieleza, kwa uchungu, kwamba watu walimsamehe kuua kwa urahisi kuliko walivyoweza kumsamehe kupenda mwanamume. Filamu ya maisha yake, iliyotoka mwaka 2005, ilipokuwa ikitengenezwa, mtoto wa Paret alikutana naye na kumwambia kwamba hana kinyongo. Kwa fiqhi, warithi wa damu ndio wenye haki hiyo ya kusema, si tume wala umma.

Griffith alikufa akiwa amepoteza kumbukumbu kwa ugonjwa wa ubongo unaotokana na vipigo vya kichwa. Hapa masharti yote ya swali hubadilika. Paret alikuwa na mpigaji mmoja, raundi moja na kona moja. Griffith alipigwa na makumi ya wanaume katika mapambano zaidi ya 110, na hakuna ngumi hata moja inayoweza kutengwa na nyingine. Majuto ya Williams hayana pa kukaa, maana hakuna mtendaji anayejijua. Wanaobaki kudaiwa ni aqila peke yao.