Usichanganyike na Watu?



Siku naondoka Nyakahanga kwenda chuo, mama alinisindikiza hadi stendi ya Omurushaka. Basi lilipoanza kunguruma akanishika mkono: "Mwanangu, huko mjini usichanganyike na watu." Nadhani wengi wenu mmeambiwa hivyo hivyo. Nami nikatii. Mwaka wa kwanza maisha yangu yalikuwa darasani, kanisani na kitandani kwangu, basi. Nilijiona niko salama.

Muhula wa pili, mwenzangu wa chumbani hakuonekana siku nne. Kiukweli nilidhani yuko kwenye starehe. Nikasali hata rozari kumwombea aache hiyo njia. Siku ya tano mlinzi wa getini ndiye aliyeniambia: yule dada amefiwa na baba yake, ameondoka usiku peke yake, tena kwa nauli ya kukopa. Tulilala chumba kimoja miezi mingi, na hakuona kwamba mimi ni mtu wa kuambiwa.

Tangu siku hiyo swali halikunitoka: je, kujitenga na watu ndiyo utakatifu?

Mwanga niliupata mahali ambapo sikutegemea. Nasoma mambo ya miamba. Kwetu Karagwe hatuna volkano. Tukitaka kuonja joto la chini ya ardhi tunakwenda Mtagata, kule Kyerwa, kwenye chemchemi ya maji moto. Lakini mkoani Mbeya kuna milima ya volkano ya Rungwe. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na David Hilton walitangaza vipimo vya gesi ya heliamu iliyonaswa ndani ya mawe ya huko.

Heliamu ni mojawapo ya gesi adimu, yaani zile ambazo kwa kawaida haziungani na kitu kingine. Ipo ya aina mbili. Heliamu-3 ya chini ya ardhi, sehemu kubwa yake imekuwemo tangu dunia ilipoumbika, kama miaka bilioni 4.5 iliyopita. Heliamu-4 inaendelea kuzaliwa kila siku, urani na thoriamu zinapooza taratibu ndani ya miamba. Kwa hiyo jiwe la volkano likiwa na heliamu-3 kupita kawaida, ni dalili kwamba asili yake ni chini sana, kwenye koti la dunia, lile tabaka nene la mwamba moto lililo chini ya ganda tunalokanyaga. Kwa kawaida koti la juu hutoa kipimo cha kama mara 8 ya kile cha hewa. Rungwe kilifika mara 15. Jiwe la Tukuyu linabeba habari za mwanzo wa dunia!

Niliposikia hayo nikasema, kumbe mama yuko sahihi: kisichoungana na wengine ndicho kinachotunza asili yake.

Halafu nikapiga hesabu. Hewani, kwa kila atomi moja ya heliamu-3 kuna atomi kama laki saba za heliamu-4. Rungwe, hata kwa hizo mara 15, bado ni moja kati ya karibu elfu hamsini. Heliamu ile ya mwanzo haikukaa peke yake hata kidogo. Imezungukwa pande zote, na bado anayejua kuisoma anaiona. Alama yake haikufutwa na wingi wa majirani.

Nasi Kanisa linatufundisha kwamba ubatizo unaweka alama isiyofutika rohoni. Hata dhambi haiifuti. Dhambi inaweza kuvunja urafiki wetu na Mungu, na marafiki wabaya wapo, hofu ya mama si ya bure. Lakini kukaa chumba kimoja na mtu, kumuuliza kwao wanaendeleaje, hilo halikuwa la kunipotezea chochote. Nililinda kitu ambacho hakikuwa hatarini, nikamwacha mtu aliyekuwa kwenye shida.

Na liko jingine. Heliamu ikishafika hewani, kwa kuwa ni nyepesi na haijaungana na chochote, kidogo kidogo inatoroka kwenda anga za juu, na hairudi. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hata heliamu. Mbona hiyo ipo tele duniani? Kwa sababu nyingi yake imeungana na oksijeni, ikawa maji. Maji hayo hayo tunayobatiziwa.

Mtume Paulo aliwaeleza Wakorintho (1Kor 5:9-10) kwamba hakumaanisha wajitenge na wakosefu wote wa dunia hii; ingekuwa hivyo, ingewabidi waihame dunia. Na Bwana wetu, katika Yohane 17, haombi tuondolewe ulimwenguni, anaomba tukingwe na yule Mwovu. Hayo ni mambo mawili tofauti, mimi niliyafanya kuwa moja.

Mwenzangu aliporudi nilimwomba msamaha. Akasema, "Usijali, hukujua tu." Lakini kutokujua ndiko kulikokuwa kosa langu. Mtu anayelala hatua mbili kutoka kitandani kwangu, nilipaswa kujua.

Julai mdogo wangu anakwenda kidato cha tano. Najua mama atamwambia maneno yale yale pale stendi, na sitambishia mama. Ila basi likishaondoka nitamtumia mdogo wangu ujumbe: wiki ya kwanza, jua majina ya wote mnaolala chumba kimoja, na ujue nani nyumbani kwao kuna mgonjwa.

Wewe je? Ni nani analala karibu nawe ambaye humjui?

Tusali: Ee Bwana, uliyekula mezani na wakosefu bila kuacha kuwa Mtakatifu, utulinde na uovu, wala usituache tukimbie watu wako. Amina.