Je, Kura Yaweza Kuuzwa?

Tarehe 14 Julai, 2018, watu wa Jimbo la Ekiti, kusini-magharibi ya Nigeria, walimchagua gavana wao. Bwana Kayode Fayemi alipata kura 197,459, na Profesa Kolapo Olusola akapata 178,121. Watazamaji wa uchaguzi na magazeti ya nchi hiyo walieleza kwamba wapiga kura wengi walilipwa fedha, ikatajwa naira 3,000 hadi 5,000, baada ya kumwonyesha wakala wa chama karatasi iliyokwisha tiwa alama. Vyama vikubwa vyote viwili vililaumiwa. Wayoruba wa huko walikuwa na msemo wake: dibo ko sebe, yaani, piga kura upike mchuzi.

Msemo huo unachekesha, lakini tusiucheke upesi. Wakati ule watumishi wa serikali ya jimbo walikuwa wakidai mishahara ya miezi kadhaa. Mwalimu asiyelipwa, mwenye watoto wenye njaa, husema: Fedha hizi ni zetu wenyewe zilizoibiwa, leo zimerudi kidogo, kwa nini nisizipokee? Na mwingine, mwerevu zaidi, husema: Nitapokea za huyu, nami nitampigia yule nimtakaye. Watu hawa wawili wastahili kujibiwa, wala haitoshi kuwakemea.

Kwanza yatupasa kujua kura ni kitu gani. Kama ni mali ya mtu, basi na aiuze kama auzavyo mihogo yake. Lakini Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, aya ya 59, huamrisha kwamba amana wakabidhiwe wale wanaozistahili, kisha ndipo huwaamuru wanaohukumu wahukumu kwa uadilifu. Wafasiri wa Jamaat Ahmadiyya wameeleza kwamba madaraka ya kutawala ni miongoni mwa amana hizo. Tazama mpango wa aya: anayekabidhi ametangulizwa mbele ya anayetawala. Sisi tumezoea kuwalaumu watawala, kumbe hesabu inaanzia kwetu. Mtunza amana hawezi kuitajia bei, kwa kuwa si yake peke yake. Wamo ndani yake jirani, mgonjwa aliyelazwa, na mtoto ambaye hajafikia umri wa kupiga kura.

Basi hoja ya kwamba fedha zetu zimerudi haisimami. Ni mwizi gani arudishaye kibaba kimoja kwa sharti la kupewa tena ufunguo wa ghala? Naira 5,000, ukizigawa kwa siku za miaka minne ya ugavana, hazifiki naira 4 kwa siku.

Yule mwerevu ana hoja ngumu zaidi, maana ni kweli kwamba ahadi ya kutenda uovu haimfungi mtu. Akimpigia anayestahili, amana ameifikisha. Lakini fedha aliyoishika ni rushwa, na Mtukufu Mtume s.a.w. amewalaani mtoaji na mpokeaji pamoja. Tena ameipata kwa kutoa neno asilokusudia kulitimiza. Ameiokoa kura, akaupoteza ulimi wake. Na huko Ekiti ujanja huo ulikuwa mgumu, kwani mnunuzi alitaka kuiona karatasi kwanza. Ndiyo sababu Tume ya Uchaguzi ilikataza simu ndani ya kibanda cha kura katika uchaguzi wa Jimbo la Osun, Septemba mwaka uleule, watu wasipate kupiga picha karatasi zao na kuwaonyesha wanunuzi.

Hata hivyo, mwenye njaa na mwenye ghala si sawa. Mtume s.a.w. aliagiza mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mtawala anayezuia mshahara wa mwalimu, na mgombea anayeifanya njaa ile kuwa soko lake, wana swali la kujibu mbele ya Mwenyezi Mungu, wala kosa la mwalimu halitawafutia. Mwalimu naye ana lake. Nasi tunaomwambia asipokee, je, tulijua kwamba nyumbani kwake hakujapikwa kitu tangu jana?