Sanduku Lenye Tundu

Somo: 2 Wafalme 12:4–15



Hekalu alilojenga Sulemani lilikuwa na umri uzidio miaka mia moja Mfalme Yoashi alipowaagiza makuhani watumie fedha za sadaka kutengeneza mabomoko yake. Ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, na bado hakuna kilichotengenezwa. Biblia haisemi kwamba makuhani waliiba. Nadhani fedha zilichanganywa na mahitaji mengine, na nyufa hazipigi kelele, zikaachwa nyuma.

Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zilihesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, kisha zikapelekwa kwa maseremala na waashi. Nyumba ya Bwana ikatengenezwa.

Nilipokuwa nikifundisha chuoni, tangi letu la maji lilianza kuvuja. Fundi aliomba mifuko miwili ya saruji. Kamati ikamjibu angoje bajeti ya mwaka ujao. Kabla ya mwaka huo tangi likapasuka, na wanachuo wakachota maji mtoni muhula mzima. Nami nilikuwa mmoja wa kamati ile. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: niliwafundisha wengine methali hiyo, mwenyewe sikuitii.

Taifa letu nalo limejifunza kwa gharama. Kuanzia 1972 serikali za mitaa zilivunjwa. Huduma za miji zikadhoofika, hata mabaraza ya miji yakarudishwa 1978, na ya wilaya 1984. Sheria ya 1998 ikatupa Bodi ya Mfuko wa Barabara: tununuapo mafuta ya gari tunalipa tozo, na sehemu iliyo kubwa ya fedha hizo imetengwa kwa matengenezo. Hilo ni sanduku la Yehoyada. Lakini paa la darasa lililooza na mtaro wa soko ulioziba hungoja bajeti ya halmashauri, pamoja na mahitaji mengine mengi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, diwani akiitisha mkutano, tusishangilie jengo jipya tu. Tumwulize: fungu la matengenezo liko wapi? Akilitenga, tumwunge mkono, hata likichelewesha jengo tulilolitamani. Nasi tulipe ushuru kwa moyo mweupe na kudai stakabadhi, ili fedha ziingie sandukuni. Mafundi wa Yoashi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Sisi tusome hesabu zibandikwazo ubaoni, tusizipite kama tangazo la mnada.

Ajengaye huandikwa jina lake ukutani. Azibaye ufa haandikwi popote, ila Baba aonaye sirini anamjua.

Bwana atupe macho ya kuona nyufa mapema. Amina.