Dawa ya maumivu ikigeuka ulevi, nani atabeba dhamana?

 

Ndugu Waislamu, hapa kwetu Haneti wako vijana wanaochimba yale mawe ya kijani, krisopresi. Ni kazi ya sururu na mgongo. Mmoja wao, tunayeswali naye, aliumia kiuno. Katika duka moja la dawa aliuziwa tramadol ndani ya bahasha isiyo na maandishi, bila cheti cha daktari. Maumivu yakapoa, akarudi kuchukua nyingine. Mwaka ulipokwisha alikuwa ameuza mbuzi wake wote. Akiikosa hutoka jasho, hutetemeka, usiku halali.

Ijumaa moja, baada ya swala, mzee mmoja alimwita mlevi mbele za watu. Nilikuwepo, nikanyamaza. Tangu siku hiyo hakuonekana msikitini.

Tujiulize: dhambi hii ni ya nani?

Tramadol ni dawa halali ya maumivu makali, lakini ina udugu na afyuni. Mwili huizoea, kisha hudai zaidi. Ndiyo maana haifai kuuzwa bila cheti. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, ametufundisha kuwa anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba, dhamana ni yake. Basi muuzaji asiseme, "Mteja mwenyewe ndiye aliyetaka." Huko Marekani, kampuni ya Purdue Pharma ilikiri kosa mahakamani mwaka 2007 kwa kupotosha watu juu ya hatari ya kuwa mateja wa dawa yake, OxyContin. Mwaka 2020 ikakiri makosa mengine. Walilipa faini, lakini faini haifufui maiti.

Je, mgonjwa hana lake? Analo. Aliyeanza kwa maumivu si sawa na aliyeanza kwa anasa, lakini akishajua, Allah amemkataza kujiangamiza kwa mikono yake (Al-Baqara, 195). Wajibu wake ni kutafuta tiba. Wala asiache ghafla peke yake. Amwone daktari apunguziwe dozi taratibu. Hospitali ya Mirembe, mjini Dodoma, si ya wenye wazimu tu kama wengi wanavyodhani.

Na sisi je? Kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Mimi nitaulizwa juu ya kimya changu. Juzi nilikwenda nyumbani kwake, nikamtaka radhi. Alilia, nami nikalia. Jumatatu, inshaallah, tutapanda basi pamoja kwenda Dodoma.

Nawe msomaji, unaye wako mtaani kwako. Mwendee kabla hujamhukumu.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utusamehe tuliowafungia mlango. Amin.