Haki ya Ndama katika Maziwa ya Mamaye

  

Enyi ndugu Waislamu, wako katika watu wa pwani wenye ng'ombe bara, nao hawawaoni ila mara moja kwa mwaka. Mali yao i mikononi mwa wachungaji, hata huko Mkwajuni, katika mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, upande wa ziwa Rukwa, walikohamia wafugaji wengi na makundi yao. Mtu huyu akiletewa habari ya kuwa ndama wamekufa, husema ni kadari ya Mungu. Ni kweli, kadari ni ya Mungu. Walakini maziwa ya alfajiri nani aliyeyauza?

Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho sana pwani, ameeleza ya kuwa mwenye mnyama ni wajibu juu yake kumlisha na kumnywesha, wala asikame kiasi cha kumdhuru mtoto wake. Akikataa, hakimu humlazimisha auze, au alishe, au achinje aliye halali kuliwa. Basi hii ni haki, si huruma ya mwenye kutaka. Na Mtume (s.a.w.) ametoa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfunga asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Ndama naye hufungwa kamba, na mamaye yu mbele ya macho yake.

Ndama huzaliwa hana kinga ya kutosha. Kinga yake ni dang'a, yale maziwa ya kwanza. Na ashibe katika saa sita za mwanzo, kwani baadaye tumbo lake haliipokei kinga ile sawasawa. Aliyenyimwa hukaribia kuhara: macho huzama, masikio hupoa, akalala asiinuke. Huyo asinyimwe maziwa kwa kisingizio cha kuhara, kama wafanyavyo wengi. Apewe kidogo kidogo, na baina yake apewe maji yaliyochemshwa yakapoa hata yakawa vuguvugu, yenye chumvi kidogo na sukari, mara nyingi kutwa. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kwa nguvu, maji yataingia mapafuni. Alazwe pakavu, atengwe na wenziwe.

Ndigana kali ni jambo jingine. Huletwa na kupe. Tezi za chini ya sikio huvimba, homa hupanda, kisha pumzi huwa nzito. Hapo chumvi na sukari hazifai, wala hirizi shingoni. Huitwa daktari wa mifugo siku ile ile, kwani dawa ikichelewa haifai sana. Chanjo yake ipo, na kupe huuawa kwa kuogesha.

Mwenye mali atasema, "Nimemwajiri mchungaji, dhima ni yake." La. Masurufu ya mnyama ni juu ya mwenyewe. Na ikiwa ujira wa mchungaji ni maziwa matupu, naye ana watoto wenye njaa, tajiri wake amekwisha kumgombanisha na ndama kwa chuchu moja. Na ampe ujira wa fedha, amtumie na bei ya dawa, ndipo aulize hesabu ya maziwa.